Jamii, Nukta Pacha

Umeme umerudi saa tano usiku, nusu ya mtaa tu.
Nafungua kompyuta ya kuazima. Herufi K imeng'oka:
kuandika Goma ni rahisi,
kuandika Kivu nabonyeza kidonda.

Byamungu yuko Bukavu, mwisho wa ziwa, hajalala.
Wiki ya tatu hii tunabishania mkato.
Yeye anataka *Birere, Goma*.
Mimi nataka *Birere (mtaa)*.
Ananiandikia: mabano ni ya jina linalogombania kitanda na jina jingine;
mkato ni wa mtoto anayetajwa pamoja na mama yake.
Namjibu: Birere haijawahi kumwita yeyote mama.
Mguu mmoja mpakani,
mwingine kwenye deni.
Ananitumia kicheko. Halafu kanuni, ibara ya nne.

Nilidhani ni kazi ya karani:
sambaza waende na samaki,
Kituku iende na masoko,
chukudu —
hapo tulikwama siku mbili.
Mgeni mmoja, hatumjui jina, aliitia kwenye Baiskeli.
Baiskeli! Haina pedali, haina mnyororo,
ina magurudumu ya mbao na goti la mtu
na magunia sita ya viazi kutoka Kibumba.
Nikaitoa. Akairudisha. Nikaitoa.
Mwishowe nikafungua jamii mpya, yenye kitu kimoja ndani:
*Vyombo vinavyosukumwa kwa goti*.
Byamungu akaifuta kwa upole.
Jamii ya mmoja, alisema, si jamii.

Nani alituchagulia neno hili
kwa sanduku la kupangia makala?
Angeweza kusema rafu. Angeweza kusema droo.
Sisi tunaandika *Jamii*, nukta pacha, bila nafasi,
halafu tunaamua nani aingie.

*Jamii:Watu wa Goma*
Waliozaliwa? Basi mama yangu Kahindo hayumo,
alizaliwa Lubero, akaja juu ya lori la kabichi.
Walioishi? Basi wamo waliokuja miezi sita kuandika ripoti.
Waliokufa?
Hapo sikuandika kitu.
Naitazama hiyo *wa*, herufi mbili,
nyembamba kama kichochoro cha mawe meusi.
Nimeona watu wakisimamishwa njiani: wewe ni wa wapi?
na jibu likapimwa kama unga.
Nimeona orodha. Sitaki kutunga nyingine.

Nikaandika maelezo, nikafuta, nikaandika:
*Makala kuhusu watu ambao nyumba yao,
au kumbukumbu yake, iko Goma.*
Byamungu: Kumbukumbu haina chanzo.
Chanzo! Aje uani kwetu
nimwonyeshe paa la jiko la zamani.
Lava ililifika shingoni, ikapoa hapo.
Sasa liko usawa wa magoti, tunaanikia sambaza.

Na mlima je?
Sarufi inasema: mlima umelala, mlima umeamka.
Mama anasema *amelala*.
Anasema, *leo ana macho mekundu*.
Nilimsahihisha nikiwa darasa la nne.
Akaendelea kuosha sufuria, akauliza:
na yeye, amekusahihisha mara ngapi?

Saa saba. Taa inapepesa.
Byamungu anaandika: Haya, acha kumbukumbu.
Lakini nukta ya mwisho kwenye jina uitoe,
majina ya jamii hayaishii na nukta.
Naitoa. Hapo ana haki, na namwambia.

Kabla umeme haujakata
nashuka hadi chini kabisa ya makala ya mlima,
chini ya *Milima*, chini ya *Volkeno*,
naongeza *Jamii:Majirani*.
Ataifuta asubuhi, namjua.
Kwa sasa iko pale, maandishi mekundu,
kama inavyokuwa kila jamii
ambayo bado hakuna aliyeieleza.